Bi. Wilma Prater na Darasa la Jumanne Saa Kumi

Ijumaa hii, tarehe 19 Desemba 2025, Bi. Wilma Jean Prater anarudisha ufunguo wa chumba namba B4, kule chini ya jengo la mahakama ya Kaunti ya Ansel, baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili na miezi mitatu. Katika muda huo amewafundisha wazazi elfu mbili mia nne na kitu namna ya kulea watoto ambao mahakama ilikuwa imeshawachukua. Amefanya kazi chini ya majaji watano na wakuu wa idara saba. Mashine ya kahawa imekuwa ileile.

Nimeombwa kuandika maneno machache. Aliyeniomba ni yeye mwenyewe, na wale wanaojua historia yetu walidhani amekosea jina. Hakukosea. Historia yenyewe nitaifikia, na ningependa msomaji avumilie, kwa kuwa ndani yake mimi si mtu mzuri sana.

Bi. Wilma hakusomea malezi. Kwa miaka saba aliendesha basi la shule katika njia ya mashambani, kuanzia kiwanda cha zamani cha vioo mpaka darajani. Tangazo la kazi lilipotoka mwaka 1993 lilitaka mtu mwenye shahada na uzoefu. Waombaji walikuwa wawili. Yule mwenye shahada aliondolewa baada ya kugundulika kwamba jina lake limo tayari katika orodha ya wazazi walioamriwa kuhudhuria. Kwa hiyo kazi ikamwangukia dereva. Kwenye usaili aliulizwa ana uzoefu gani na watoto, akajibu kwamba amewahi kuwa na sitini na mbili kwa wakati mmoja, nyuma yake, huku barabara ina barafu.

Kozi ilikuwa wiki kumi na mbili, kila Jumanne saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni. Kulikuwa na kitabu cha kurasa mia na kumi, viti vya chuma, na mwanasesere wa plastiki aliyenunuliwa na kaunti kwa ajili ya mazoezi ya kuogesha, kulisha na kubadilisha nepi. Mwanasesere huyo hakuwahi kulia, hakuwahi kutapika, wala hakuwahi kukataa kulala. Wazazi walimwita Jaji, kwa sababu alimsikiliza kila mtu na uso wake haukubadilika.

Kila msimu mpya, lazima mzazi mmoja, kwa kawaida yule aliyekasirika kuliko wote, angemuuliza mkufunzi, "Na wewe una watoto wangapi?"

"Sina hata mmoja," Bi. Wilma angejibu. "Ndiyo maana hawajanichukulia."

Darasa lingecheka, na baada ya hapo waliweza kuanza. Siri ya kazi yake ilikuwa hiyo, kama ilikuwepo siri. Watu waliokuja pale wameshapimwa mkojo, wamekaguliwa majokofu yao, wameulizwa na wageni wanalala na nani. Mtu wa kuwachekesha hakuwemo kwenye amri ya mahakama.

Lakini mwaka 2006 kulitokea jambo ambalo sherehe kama hizi huwa hazilitaji. Bi. Wilma ameniambia nilitaje, la sivyo hatakuja kula keki. Kulikuwa na baba mmoja, nitamwita Bw. R., ambaye alikuwa nyota ya darasa. Alikuja mapema, aliandika kila kitu, alimwogesha Jaji kwa upole mpaka kina mama wakatazamana. Kwenye mtihani wa mwisho alipata mia kwa mia, wa kwanza katika historia ya programu. Bi. Wilma akatia saini cheti chenye maneno "ameonyesha uwezo wa kulea", na watoto wake wawili wakarudishwa nyumbani. Wiki kumi baadaye walichukuliwa tena, na yule mkubwa alikuwa na mkono uliovunjika mahali pawili.

Bi. Wilma alishuka B4 asubuhi ile na kukaa peke yake. Nilipompelekea rejista ya mahudhurio, kama karani, nilimkuta amempakata yule mwanasesere mapajani.

"Nilimpa mia," aliniambia. "Nilimpa mia kwa sababu Jaji hakulalamika."

Niliona ni vyema kumkumbusha kwamba utaratibu wote ulifuatwa. Alinitazama, akasema, "Ndiyo, Curtis. Hilo ndilo linaloniumiza."

Msimu uliofuata vyeti vilitoka na maneno mapya: "Mzazi huyu alikaa kwenye kiti hiki mara kumi na mbili. Zaidi ya hapo sijui." Mkuu wa idara wa wakati ule alivirudisha. Bi. Wilma akavituma tena. Vilirudi, vikatumwa, mpaka mara ya nne akaambiwa kwamba wazazi hawatapata kitu chochote cha kupeleka mahakamani mpaka maneno ya zamani yarudi. Aliyarudisha. Alisaini, lakini kuanzia siku ile alisaini kwa penseli.

Sasa nifike kwa Shauna Tackett.

Shauna alikuwa na miaka ishirini na minne alipokuja dirishani kwangu, Januari 2011. Mwaka mmoja kabla ya hapo polisi walimkuta amelala ndani ya gari kwenye kituo cha mafuta, injini imezimwa, nje kuna theluji, na binti yake Josie wa miaka miwili na nusu yuko kiti cha nyuma, ana soksi mguu mmoja. Vilikuwa vidonge, vile vya maumivu vinavyogeuka ulevi. Mwaka ule nusu ya kaunti ilikuwa vidonge. Josie akachukuliwa na kaunti, mahakama ikampa mama orodha ya masharti, na Shauna akaanza kuikata mstari mmoja mmoja: matibabu, vipimo, kazi, nyumba yenye kitanda cha mtoto. Ilibaki mistari miwili. Wa kwanza: kuhudhuria kozi ya malezi, Jumanne saa kumi. Wa pili: kumwona mtoto kwa saa moja kila wiki, chini ya usimamizi, katika kituo cha kuonana kilicho mitaa minane kutoka hapa. Jumanne. Saa kumi.

Alizipitisha karatasi zote mbili chini ya kioo.

"Kaka, samahani. Hebu niangalizie. Nitakuwa wapi?"

Nilizisoma. Wakati ule nilikuwa na miaka sita kama karani wa mahudhurio, na nilijivunia kwamba rejista yangu haina neno lililofutwa.

"Zote zina muhuri," nilimwambia.

"Naona zina muhuri. Ndo' nauliza niende wapi."

"Zote ni halali, dada. Inabidi uzitii zote."

Hakugomba. Aliniuliza kama darasa linaweza kuhamishwa, nikasema msimu unaofuata unaanza Aprili. Aliuliza kama siku ya kituo inaweza kubadilishwa, nikasema kituo kina foleni ya wiki tisa. Aprili ndipo Josie angetimiza miezi kumi na mitano mikononi mwa kaunti, na sheria inasema mtoto akifikisha muda huo, kaunti inaomba mzazi aondolewe haki zake moja kwa moja. Shauna alihesabu kwa vidole pale dirishani. Kisha akazikunja karatasi zake vizuri, akasema, "Haya, asante," kama mtu aliyesaidiwa.

Wiki mbili za kwanza alikwenda kwa mtoto. Nikaandika: hakuhudhuria, hakuhudhuria. Kanuni iliruhusu kukosa mara mbili tu, kwa hiyo wiki ya tatu alikuja darasani. Msimamizi wa kituo naye alikuwa na rejista yake, na humo aliandika kwamba mama hakutokea, na kwamba mtoto alisimama mlangoni dakika arobaini, amevaa koti, akakataa kulivua.

Taarifa ile Shauna alisomewa na afisa wake wa ustawi wa jamii asubuhi ya wiki ya nne, tarehe mosi Februari. Jioni alikuja darasani vilevile, maana afanye nini? Somo lilikuwa nepi. Zamu yake ilipofika alimlaza Jaji mezani, akafungua nepi, akafunga, akafungua tena. Halafu akaacha.

"Bi. Wilma," alisema, "mwanangu yuko mitaa minane kutoka hapa. Saa hii hii. Amevaa koti ananingoja. Na ana miaka mitatu na nusu, hata nepi havai tena."

Bi. Wilma aliomba kuziona karatasi. Alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, akarudia ya kwanza. Wazazi waliokuwepo wananiambia alipiga mwayo, ambao kwake ni dalili ya hasira kubwa.

"Nani aliziona hizi kwa pamoja?" aliuliza.

"Kaka wa dirishani."

"Akasemaje?"

"Kwamba zote ni halali."

Bi. Wilma akachukua koti lake. "Vaeni," akawaambia. "Darasa linahamia mahali penye mtoto."

Basi wakatoka, wazazi tisa na mkufunzi wao, wakapanda ngazi, wakapita mbele ya dirisha langu, wakaingia kwenye theluji. Mbele alikuwa Bi. Wilma na mabuti yake ya mpira ya kiume. Nyuma alikuwa Dwayne, dereva wa lori mwenye mwili wa kujaza mlango, amembeba Jaji ndani ya blanketi, kwa kuwa kitabu kinasema mtoto asitolewe nje wakati wa baridi bila kufunikwa. Mbele ya kanisa mzee mmoja aliyekuwa akizoa theluji alisimama, akavua kofia, akidhani ni msiba.

Kituoni, msimamizi aliwazuia mlangoni. "Chumba ni cha watu wanne, Bi. Wilma. Siwezi kuingiza darasa zima."

"Mama ataingia. Sisi tutasimama hapa kwenye kioo."

"Hii si kawaida."

"Hata mimi nimeanza kuishuku kawaida," alisema Bi. Wilma, na msimamizi, ambaye utotoni alipanda basi lake miaka minne mfululizo, akafungua.

Josie alikuwa kona ya mbali, karibu na jiko la kuchezea. Hakumkimbilia mama yake. Shauna alifanya kila kilichoandikwa ukurasa wa thelathini na moja: alichuchumaa mpaka macho yakalingana, akatabasamu, akaita jina kwa sauti ya chini. Mtoto akageuka akatazama ukuta. Shauna akasogea. Mtoto akasogea pia, upande mwingine. Shauna akasoma kitabu cha picha kwa sauti, peke yake, mpaka mwisho. Akamwonyesha dubu. Nje ya kioo Dwayne alianza kupangusa pua.

Bi. Wilma alifungua mlango kidogo.

"Shauna. Acha kitabu."

"Ndo' mlivyonifundisha."

"Najua tulivyokufundisha. Kaa chini tu. Usimwite."

Shauna akakaa sakafuni, akaegemea ukuta, miguu ameinyoosha, koti bado mwilini. Akaingiza mkono mfukoni akakuta chenza, mlo wake wa mchana ambao hakuula. Akaanza kulimenya kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yake. Alimenya taratibu, akaondoa na vile vinyuzi vyeupe, kimoja kimoja. Hakutazama kona. Baada ya muda Josie alikuja akasimama kando ya goti lake. Alifungua mdomo. Shauna akamtia kipande. Akafungua tena.

Walimaliza chenza lote hivyo.

Kabla usiku haujaingia, Bi. Wilma alikuwa ameandika karatasi yake kwa mahakama. Haikuwa cheti. Ilikuwa na mistari mitano, na mmoja ulisema: "Mtoto alikuja kwa mama baada ya dakika kumi na saba. Mama alingoja." Kwa mara ya kwanza tangu 2006 alisaini kwa kalamu ya wino.

Kesho yake rejista ilirudi kwangu. Wazazi tisa, wote wamehudhuria. Mahali: "Kituoni, sakafuni."

Nilishasema mimi si mtu mzuri sana katika habari hii. Kulikuwa na mtumishi mwadilifu aliyeona kwamba darasa limefanyika nje ya jengo lililoidhinishwa, na akaona ni wajibu wake kumjulisha mkuu wa idara, Bw. Dennis Pruitt. Mtumishi huyo ndiye anayeandika makala haya. Ili taarifa iwe kamili, Jumanne iliyofuata nilikwenda mwenyewe na daftari, nikasimama nyuma ya wazazi pale kwenye kioo. Niliona Josie amekaa mapajani mwa mama yake, anamvalisha Jaji kofia. Niliandika: "Mali ya kaunti inachezewa na mtoto." Wala sikuona kichekesho.

Taarifa yangu ilikuwa na hoja kumi na moja. Hoja ya tisa ilihusu kutoa mwanasesere mmoja nje ya jengo bila fomu. Bw. Pruitt aliipenda sana. Alimwandikia Bi. Wilma barua ya onyo, na akaamua kwamba mahudhurio yote ya nje ya jengo hayatahesabiwa. Bi. Wilma aliisoma barua mbele ya darasa, neno kwa neno, kisha akawaambia ukweli: anayetaka kuhesabiwa abaki B4, yeye atatafuta mtu wa kuwasomea kitabu.

"Mi' wanangu sijawashika miezi sita," alisema Dwayne. "Hapa nimemshika plastiki tu. Twende."

Wakaenda wote. Mpaka wiki ya nane wazazi watatu walikuwa wameomba saa zao za kuonana zihamie palepale, na kituo, ambacho kwangu kilikuwa na foleni ya wiki tisa, kikapata nafasi. Bi. Wilma alimjibu Bw. Pruitt kwa kumkaribisha aje aone. Bw. Pruitt alijibu kwamba Jumanne saa kumi ana kikao cha kuboresha huduma.

Kesi ilisikilizwa tarehe 12 Aprili, mbele ya Jaji Lyle Hagedorn, mtu mkavu aliyekuwa na mazoea ya kula karafuu. Wakili wa kaunti alisimama akasema kwamba mama ameshindwa kozi: amehudhuria mara moja kati ya kumi na mbili. Niliitwa kuthibitisha rejista. Shauna alikaa upande wa kushoto, amevaa blauzi ya kuazima yenye mikono mirefu kuliko yake. Hakunitazama kwa chuki. Ingekuwa nafuu.

"Bw. Wengerd," aliuliza jaji, "tarehe mosi Februari, mama huyu alihudhuria?"

"Kwa mujibu wa kanuni, Mheshimiwa, hakuhudhuria."

"Sikuuliza kanuni. Alikuwa wapi?"

"Kituo cha kuonana, Mheshimiwa."

"Na nani?"

"Na mtoto wake."

"Mkufunzi alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Walikuwa wanafanya nini?"

Nilifungua daftari langu, nikalifunga. Nilikuwa na hoja kumi na moja, na hata moja haikujibu swali lile. Nikakumbuka kile nilichokiona kwenye kioo na sikukiandika.

"Alikuwa anajifunza kulea, Mheshimiwa," nilisema. "Na wiki iliyofuata niliwaona kwa macho yangu. Mtoto alikuwa mapajani mwake."

Jaji aliigeuza karafuu mdomoni. "Niwe na hakika nimeelewa. Mahakama yangu ilimwamuru awe mahali pawili saa ileile. Akaweza. Na kaunti inalalamika."

Wakili wa kaunti alisema kwamba suala ni pana zaidi ya hapo. Jaji akasema bila shaka, masuala ya kaunti huwa mapana. Kisha akamwita Bi. Wilma, ambaye alikuwa ameleta karatasi zake tisa, mistari mitano mitano.

"Umeandika dakika kumi na saba," jaji alimwambia. "Hiyo ni Februari. Wiki ya mwisho ilikuwa ngapi?"

"Sikuweza kupima, Mheshimiwa. Mtoto alikuwa ameshamrukia kabla mama hajavua koti."

"Basi unathibitisha kwamba ana uwezo wa kulea?"

Hapo ndipo tuliomjua tulishika roho mikononi, kwa maana jibu la ndiyo moja tu lingetosha. Bi. Wilma hakulitoa.

"Siwezi kulithibitisha hilo kwa mtu yeyote," alisema. "Niliwahi kuthibitisha, na mtoto akavunjwa mkono. Ninachojua ni kwamba huyu akikataliwa na mtoto wake, anakaa chini anangoja. Wengi hupandisha sauti. Hilo nimeliona mara tisa. Zaidi ya hapo sijui."

Shauna aliinamisha kichwa. Nadhani alidhani ameangamizwa. Jaji Hagedorn aliandika kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba katika miaka kumi na minane kitini pale ameletewa vyeti mfano wa majani, na hii ndiyo mara ya kwanza ameambiwa kitu. Ombi la kaunti likakataliwa. Mahudhurio yakahesabiwa, ya Shauna na ya wale wanane wengine. Josie alianza kulala kwa mama yake wikendi mwezi Mei, na tarehe 9 Agosti akarudi moja kwa moja, na mfuko mmoja wa nguo ambazo nyingi zilikuwa zimeshambana.

Kwenye korido siku ile ya kesi Shauna alinipita, akasimama, akasema, "Asante, kaka." Sikupata neno. Nilikuwa nimeajiriwa kwa ajili ya maneno mawili tu, alihudhuria na hakuhudhuria.

Isidhaniwe kwamba baada ya hapo njia ilikuwa mteremko. Mwaka 2014 Shauna alirudia vidonge. Alimpeleka Josie kwa dada yake mwenyewe, akampigia simu Bi. Wilma, akaingia matibabu siku arobaini, akatoka. Hakuna jaji aliyemwamuru, kwa hiyo hakuna rejista inayoonyesha. Leo anasuka na kukata nywele katika saluni ya Barabara ya Mill, na Josie anamaliza shule mwezi Juni. Dwayne alirudishiwa mwanawe mmoja. Wa pili hakurudi, na Bi. Wilma humtembelea Dwayne kila siku ya kuzaliwa ya huyo wa pili. Katika wale tisa, watano walipata watoto wao. Bi. Wilma amenikataza kusema kwamba watano ni wengi.

Idara nayo ilipata mafanikio. Mwaka 2013 darasa la kituoni liliidhinishwa rasmi, likapewa jina refu, na mwaka uliofuata likatunukiwa tuzo ya ubunifu. Tuzo ilipokelewa na Bw. Pruitt, ambaye alieleza katika hotuba ya dakika ishirini na tano jinsi wazo lilivyomjia. Bi. Wilma alikuwa safu ya tatu, anakula keki. Barua ya onyo ya mwaka 2011 haijafutwa. Imo kwenye jalada lake hadi leo, na nyuma yake kuna nakala ya tuzo, kwa sababu mimi ndiye ninayepanga majalada, na niliziweka mgongo kwa mgongo kwa makusudi.

Kwa upande wangu, nilianza kwenda kituoni Jumanne. Mwanzoni nilisema ni ukaguzi. Bi. Wilma alinipa kazi ya kumenya machenza.

Tunapomshukuru leo, tumshukuru kwa peremende za siagi ya karanga na chokoleti alizoleta kila Krismasi, kwa kutufundisha kucheza karata huku akituibia waziwazi, na kwa mistari mitano mitano, ambayo majaji wetu sasa huiomba kabla hawajauliza cheti. Tumshukuru pia kwa kutonisamehe haraka. Ilichukua kama miaka miwili, na aliifanya kwa haki.

Imebaki habari moja, na amekubali niiseme. Mwezi Oktoba Bi. Wilma aliomba leseni ya kuwa mlezi wa muda wa watoto wanaosubiri wazazi wao. Nyumba yake imekaguliwa mara mbili; mara ya kwanza ilikataliwa kwa sababu maji ya bombani ni ya moto kupita kiasi. Pale fomu inapouliza umri na hali ya mtoto anayemtaka, ameandika, "Atakayekuja." Amekubaliwa, kwa sharti kwamba kwanza ahudhurie kozi ya malezi. Aliuliza kama miaka thelathini na miwili ya kuifundisha inaweza kuhesabiwa. Ofisi husika imemjibu kwa barua, kwa heshima zote, kwamba haiwezi, kwa vile katika muda wote huo alikuwepo kama mkufunzi na si kama mhudhuriaji.

Alicheka mpaka akavua miwani. Nimeshaandika jina lake kwenye rejista mpya, na nikamweleza, kama ninavyomweleza kila mtu, kwamba anaruhusiwa kukosa mara mbili. Amesema hatakosa hata moja. Kuna mtoto mahali fulani katika kaunti hii, amesema, ambaye bado yuko kwao na hajui kwamba atakuja, na angependa amkute tayari.

Bi. Wilma, kwa niaba ya masjala, wazazi wa Jumanne na wote walioko chini ya paa hili, pokea shukrani zetu. Tunawatakia maisha mema, wewe na huyo mtoto ambaye hatujamjua.

Curtis Wengerd
Masjala ya Mahudhurio